Ujenzi wa vidimbwi: Jinsi mjenzi na mteja wanavyoweza kuepuka mizozo

SHIMO limechimbwa, udongo umerundikwa kando ya ua, na kwa siku kumi mfululizo hakuna fundi aliyeonekana. Mwenye boma anapiga simu, haijibiwi. Anaanza kuamini kwamba pesa zake zimeliwa. Upande wa pili, mjenzi anasubiri malipo ya awamu ya pili aliyoahidiwa wiki mbili zilizopita, na kwake yeye mteja ndiye aliyevunja ahadi.

Hali ya aina hii hutokea mara nyingi humu nchini katika ujenzi wa vidimbwi vya kuogelea, vidimbwi vya mapambo na mabwawa ya samaki. Mara nyingi kiini chake si wizi wala uzembe. Ni mambo ambayo hayakusemwa mapema, au yalisemwa kwa mdomo tu huku kila mmoja akiyaelewa kwa njia yake.

Kazi hii hutofautiana na ujenzi wa nyumba katika mambo mawili makubwa. Kwanza, nyumba yenye ufa mdogo ukutani bado hukalika, ilhali kidimbwi chenye ufa hakina manufaa yoyote hadi kirekebishwe. Pili, sehemu muhimu zaidi za kidimbwi, yaani vyuma, mabomba na unene wa saruji, hufunikwa kabla mteja hajapata nafasi ya kuvikagua. Mteja hulipia kitu asichokiona, na ndiyo sababu uhusiano wake na mjenzi huhitaji kutunzwa tangu siku ya kwanza.

Wateja wengi huja na picha. Wengine wameipiga katika hoteli ya Diani walipokwenda likizoni, wengine wameipata kwenye simu. Picha hiyo huonyesha maji ya samawati na viti vya kupumzikia, lakini haionyeshi kwamba maji ya Pwani huwa na joto mwaka mzima. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai kidimbwi kisicho na mtambo wa kupasha maji joto huwa baridi kiasi kwamba ni watoto wachache tu watakaothubutu kuingia. Mjenzi anayenyamaza kuhusu jambo hili ili asipoteze kazi, hujiwekea deni. Mteja atakapoligundua baada ya kulipa kila kitu, hatalaumu hali ya anga.

Maji nayo yanafaa kuzungumzwa kwa tarakimu. Kidimbwi cha kawaida cha nyumbani chenye urefu wa mita 10, upana wa mita 5 na kina cha wastani cha mita 1.5 huhitaji lita 75,000 kukijaza. Kwa lori la lita 10,000, hizo ni safari nane, ya mwisho ikiwa nusu. Katika jiji ambalo mitaa mingi hupata maji ya mfereji kwa zamu, swali la maji yatakakotoka si dogo. Mteja akisema atachimba kisima, aelezwe mapema kwamba huhitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na kwamba kibali hicho hakitolewi kwa siku moja.

Vivyo hivyo kwa umeme. Pampu ya kilowati 0.75 ikizungushwa saa nane kwa siku hutumia yuniti 6, yaani takriban yuniti 180 kwa mwezi. Mteja akizidisha mwenyewe kwa bei ya umeme anayolipa, ataamua kama bado anataka kidimbwi cha ukubwa huo. Baadhi hupunguza ukubwa. Hao huwa wateja wazuri, kwa kuwa wamefanya uamuzi wakijua wanachokifanya.

Jambo jingine la mkutano wa kwanza ni kujua nani mwenye usemi. Bwana anaweza kutaka kina cha mita mbili na nusu ili apige mbizi, huku mkewe akifikiria wajukuu wanaokuja kila Jumapili. Mjenzi akizungumza na mmoja tu, atachora ramani mara mbili, au mbaya zaidi, atachimba mara mbili. Ni heri akae nao wote wawili, asikilize, na kuuliza ni nani atakayetia sahihi.

Udongo kabla ya bei

Ugomvi mwingi kuhusu pesa huzaliwa na bei iliyotajwa kabla ya udongo kukaguliwa. Mteja huuliza kwa simu, "Kidimbwi ni pesa ngapi?" na mjenzi, akihofia mshindani wake, hutaja kiasi fulani papo hapo. Kiasi hicho ndicho mteja atakachokikumbuka daima.

Katika sehemu kama Embakasi, Syokimau na Athi River, ardhi kubwa ni udongo mweusi unaonata. Udongo huu huvimba unapolowa na kunywea unapokauka, na nguvu zake hutosha kupasua ukuta wa saruji. Huenda ukalazimika kuchimbwa na kuondolewa kabisa, kisha changarawe ikajazwa na kushindiliwa mahali pake. Gharama ya malori pekee inaweza kubadilisha hesabu yote. Katika maeneo ya udongo mwekundu kazi huwa nyepesi zaidi. Pwani nako, fundi hukutana na mawe ya matumbawe, na karibu na ufuo maji ya ardhini huwa juu sana. Mahali kama hapo, kidimbwi kikitolewa maji yote kinaweza kusukumwa na maji ya chini na kuinuka kutoka ardhini au kupasuka. Kwa hivyo hujengwa kikiwa na vali maalumu za kupunguza shinikizo hilo.

Njia ya busara ni kuitenga kazi ya uchunguzi na uchoraji na kuitoza ada yake ndogo, ikiwa kandarasi ya pekee. Shimo la majaribio huchimbwa, vipimo huchukuliwa, ramani huchorwa, kisha ndipo bei hutajwa. Wapo wateja wanaonung'unika kwamba wanalipishwa karatasi. Mjenzi anaweza kuwaeleza kwamba karatasi hiyo ni mali yao, na kwamba wana ruhusa ya kuipeleka kwa mwanakandarasi mwingine wakalinganishe bei. Mara nyingi anayesema hivyo ndiye hupewa kazi.

Makadirio yenyewe yanafaa kueleza wazi kilichomo na kisichokuwemo. Maneno "kidimbwi kamili" yamewatia wengi taabani. Kwa mjenzi, humaanisha kuta, sakafu, vigae, mabomba, pampu na kichujio. Kwa mteja, humaanisha pia sakafu ya mawe pembeni, taa, chumba cha pampu, ua, na maji ya kukijaza mara ya kwanza. Ni ajabu jinsi suala la nani atakayenunua maji ya kwanza linavyoweza kuwagombanisha watu waliokubaliana kuhusu mamilioni ya pesa.

Mkataba wa maandishi ni wa lazima hata kwa jamaa na marafiki, na pengine hasa kwao. Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Si lazima uwe kitabu. Unafaa kutaja kazi, vipimo, aina ya vifaa, muda, hatua za malipo, na jinsi mabadiliko yatakavyoshughulikiwa. Mteja naye ana haki ya kuuliza kama mwanakandarasi amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyobuniwa chini ya sheria ya 2011, na ni nani atakayepeleka ramani kwa serikali ya kaunti ili ziidhinishwe. Mjenzi asikasirike akiulizwa hayo.

Kuhusu malipo, kanuni inayofaa ni kwamba pesa zifuate kazi inayoonekana. Arubuni ya kuanza, malipo baada ya kuchimba na kusuka vyuma, mengine baada ya kumwaga saruji, mengine baada ya vigae na mitambo, na sehemu ya mwisho baada ya majaribio. Katika kandarasi za ujenzi nchini, ni desturi mteja kuzuia asilimia ndogo ya malipo kwa kipindi cha kurekebisha kasoro, ambacho mara nyingi ni miezi sita. Kwa vidimbwi, ni vyema kipindi hicho kipitie angalau msimu mmoja wa mvua, kwani mvua ya Aprili hufichua mengi ambayo jua la Januari huyaficha.

Siku za kimya

Hakuna wakati unaoharibu uhusiano kama siku ambazo kazi inaendelea bila mtu kuonekana. Saruji ikishamwagwa huhitaji kuwekwa katika unyevu kwa siku saba au zaidi, na nguvu yake ya kawaida hupimwa ikifika siku 28. Kisha, kabla ya vigae, kidimbwi hujazwa maji na kuachwa kwa siku kadhaa ili ionekane kama kinavuja. Mwenye nyumba anayetazama kupitia dirishani huona kijana mmoja tu akinyunyiza maji kwa mpira. Anahesabu siku, anahesabu pesa alizolipa, na hasira inampanda.

Hali huwa mbaya zaidi kunapokuwa na tarehe. Wateja wengi hutaka kidimbwi kiwe tayari kabla ya Krismasi, au kabla ya harusi ya binti. Mjenzi anayekubali tarehe isiyowezekana, akitumaini kwamba "tutaelewana mbele", hujikuta akibandika vigae juu ya saruji ambayo haijakomaa. Sherehe hupita vizuri. Vigae huanza kubanduka Februari. Kukataa tarehe hiyo mapema ni aibu ya siku moja tu.

Dawa ya kimya ni taarifa. Ujumbe mfupi kila Ijumaa jioni, hata wiki ambayo hakuna kilichofanyika, hutuliza moyo: wiki hii saruji inakomaa, wiki ijayo tunajaza maji ya majaribio, Jumatano vigae vitafika. Habari mbaya nazo zipelekwe haraka na kwa simu, si kwa ujumbe. Mteja akisikia kutoka kwa mlinzi wa lango kwamba ukuta mmoja ulibomoka, hataamini tena taarifa yoyote ya Ijumaa.

Kwa Wakenya walio ughaibuni, taarifa hizo ndizo macho yao. Mteja aliye Dallas au Doha hutuma pesa na kumtegemea ndugu yake asimamie. Hapo ndipo mambo huchanganyika, kwani ndugu huagiza vifaa, hubadilisha ramani, na wakati mwingine pesa hupitia mikononi mwake zikipungua njiani. Mjenzi mwangalifu huomba tangu mwanzo barua inayosema nani anaweza kuidhinisha nini, na risiti zote humfikia mwenye mali moja kwa moja. Picha nazo zipigwe kabla ya kufunika: vyuma vikiwa na utepe wa kupimia kando yake, mabomba kabla ya kufukiwa, kina cha shimo kikiwa na kijiti chenye alama. Picha ya fundi akitabasamu mbele ya shimo haithibitishi chochote.

Kisha kuna nyongeza. Katikati ya kazi mteja huona mahali na kusema, "Hapa tuweke maporomoko madogo ya maji, na taa mbili." Fundi hujibu, "Hakuna shida, mkubwa." Mteja amesikia kwamba ni bure, fundi amesikia kwamba atalipwa. Kila nyongeza iandikwe kabla ya kuanza, ikiwa na bei na idadi ya siku itakazoongeza, hata kama ni mistari miwili kwenye simu inayojibiwa kwa neno "nimekubali". Na mjenzi asiulizwe kwa nini anataka maandishi kwa jambo dogo. Nyongeza ndogo kumi ndizo humaliza faida yote.

Mjenzi analazimika kukataa

Yapo maombi ambayo mjenzi hapaswi kuyakubali hata mteja akiongeza pesa. La kwanza linahusu ua. Wateja wengi husema ua unaharibu mandhari. Hata hivyo, mtoto mdogo huzama kimya na kwa dakika chache, bila kelele za kuwashtua walio jikoni. Ua wenye urefu usiopungua mita 1.2, usio na mahali pa kukanyaga na kupandia, na lango linalojifunga lenyewe, ni kinga ambayo haifai kuachwa ijadiliwe kama rangi ya vigae. Vilevile kupiga mbizi kwenye maji yasiyo na kina cha kutosha huvunja shingo, na wembamba wa mfuko si sababu ya kuweka ubao wa kurukia juu ya maji ya mita moja na nusu.

Kuna namna ya kukataa bila kumfedhehesha mteja. Mjenzi anaweza kumwonyesha ua wa vyuma vyembamba usiozuia macho, au wa kioo kama uwezo upo, na kumkumbusha kwamba sheria humtwika mwenye boma wajibu kwa wageni wanaoumia ndani ya boma lake. Mteja akishikilia msimamo wake, ni heri kazi iachwe. Barua ya kumwondolea mjenzi lawama haimfufui mtoto.

Mabwawa ya samaki yana matatizo yake. Mwaka wa 2009 serikali, kupitia mpango wa kufufua uchumi, ilianza kuchimba mabwawa 200 katika kila mojawapo ya maeneobunge 140, kila bwawa likiwa na ukubwa wa mita 300 mraba. Wakulima wengi walinufaika na baadhi yao bado wanafuga. Lakini mengine yaliachwa yakaota nyasi baada ya msaada kuisha, kwani wenyewe hawakuwa wamepata kuulizwa kama wana maji ya kutosha, watanunuaje chakula cha samaki, na watamuuzia nani. Bwawa la ukubwa huo lenye kina cha mita moja hubeba lita 300,000. Mjenzi wa leo anayeitwa kuchimba bwawa kijijini anaweza kuanza na maswali hayo matatu kabla ya kutoa utepe wa kupimia.

Ukweli kuhusu hali ya hewa unahitajika hapa pia. Ngege hupenda maji yenye joto. Katika miinuko baridi ya Nyandarua au Nyeri hukua polepole mno, na mteja aliyeahidiwa mavuno ya miezi minane atamlaumu mchimbaji, si baridi. Bwawa la saruji nalo haliwekwi samaki punde tu linapokauka, kwani saruji mpya huyafanya maji kuwa makali na samaki hufa. Lazima lijazwe na kumwagwa mara kadhaa kwanza.

Kwa vidimbwi vya mapambo bustanini, malalamiko ya kawaida ni rangi. Wiki chache baada ya kujazwa, maji hugeuka kijani kama mchuzi wa mboga. Hilo ni jambo la kawaida huku mimea na vijidudu vyenye manufaa vikijipanga. Aliyeambiwa mapema husubiri; asiyeambiwa humwaga maji yote na kuanza upya, na kijani hurudi. Mbu pia watajwe. Maji yaliyotuama bila samaki wala mzunguko huwa mazalio ya mbu, na maafisa wa afya ya umma wana mamlaka ya kumtaka mwenye boma ayaondoe.

Kesi ya ndoo

Shutuma inayochoma zaidi ni, "Kidimbwi chako kinavuja." Kabla ya maneno makali, ipo njia rahisi ya kupata ukweli. Ndoo hujazwa maji na kuwekwa juu ya ngazi ya kidimbwi, maji ya ndani yakiwa sawa na yale ya nje. Alama huwekwa ndani ya ndoo na ukutani mwa kidimbwi. Pampu huzimwa, hakuna anayeogelea, na baada ya saa 24 vipimo vinalinganishwa. Vikishuka sawasawa, maji yamechukuliwa na jua na upepo. Kidimbwi kikishuka zaidi ya ndoo, kinavuja.

Jua huchukua mengi kuliko watu wanavyodhani. Milimita 5 tu kwa siku, kwenye kidimbwi cha mita 50 mraba, ni lita 250. Jambo la maana ni mteja na mjenzi kufanya kipimo hicho pamoja, wakichuchumaa kando ya ndoo moja. Matokeo yakimwelemea mjenzi, atengeneze bila kulipisha na bila visingizio. Ukarabati wa bure uliofanywa kwa haraka umewaletea mafundi wengi kazi kwa majirani.

Wasipoelewana, mtaalamu wa tatu waliyemkubali wote anaweza kuitwa akague. Kwa madai yasiyozidi Sh1 milioni, ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyobuniwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi Nairobi mwaka wa 2021. Sheria hiyo ilikusudia kesi zimalizwe kwa siku 60. Atakayekuwa na mkataba, risiti na picha zenye tarehe atakuwa na la kumwonyesha hakimu.

Siku ya makabidhiano isiwe ya kupokea funguo na soda pekee. Anayefaa kufundishwa ni yule atakayekitunza kidimbwi, ambaye mara nyingi si mwenye nyumba bali mtunza bustani. Aonyeshwe kwa mikono yake jinsi ya kusafisha kichujio, kupima klorini ibaki kati ya 1 na 3 kwa milioni, na kuhakikisha kipimo cha asidi kiko kati ya 7.2 na 7.8. Aambiwe asichanganye dawa mbili ndani ya ndoo moja, na asikitoe maji yote bila kumpigia mjenzi simu. Kama kuna mjakaranda karibu, aelezwe kwamba maua ya Oktoba huziba kichujio, hivyo kikapu kisafishwe kila asubuhi.

Daftari la kurasa chache likiachwa katika chumba cha pampu, pamoja na kalamu iliyofungwa kwa uzi, mtunza bustani ataandika kila wiki vipimo, dawa alizotia na siku pampu ilipozimwa. Pampu ikiungua mwezi wa tisa na simu ya hasira ikapigwa, mjenzi ataomba kwanza kusomewa kurasa mbili za mwisho.